Diski Iliyopigwa Radi

Tulia alifariki Jumanne saa tatu asubuhi, akiwa na mimba ya miezi saba, katika zahanati binafsi mjini Tukuyu. Saa nne radi ikaunguza kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa. Adhuhuri mumewe, Asajile, alikuwa mahabusu. Zahanati ilidai alimnywesha mkewe mizizi ya kienyeji iliyomuua.

Wakwe waliuchukua mwili ili wauzike kwao Kisondela, Alhamisi saa nane. Muuaji, walisema, asikanyage kaburini.

Alhamisi asubuhi Inspekta Naima Mansuri alisoma faili la Tulia, lililochapwa kutoka tawi la zahanati hiyo lililoko Kisondela. Kompyuta za Tukuyu na Kisondela ziliungwa kwa mawimbi ya redio. Kilichoandikwa au kufutwa kwenye moja kilibadilika papo hapo kwenye nyingine. Faili halikutaja sindano. Daktari aliyepima maiti alikuwa ameona tundu la sindano.

"Hii ya Tukuyu imekufa kabisa?" alimuuliza fundi Zuber.

"Imeungua bodi ya diski tu, afande. Sahani zenye maandishi ni nzima. Nikibandika bodi ya diski ya aina hiyohiyo, itasoma."

"Isome kabla ya saa tano."

"Afande, hii si pasi ya mkaa."

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Saa tano na robo ilisoma. Faili lilikuwa na mistari miwili isiyokuwepo Kisondela. *Asichomwe penisilini, inamdhuru.* Chini yake: *Saa mbili na nusu, amechomwa penisilini.*

Naima alimwita mtunza kumbukumbu, Ackson.

"Maandishi haya yalikuwepo hadi radi inapiga. Yangefutwa kabla, yangefutika na huku. Kwa hiyo yamefutwa Kisondela, mawasiliano yakiwa yamekatika. Nani aliifungua ile kompyuta Jumanne mchana?"

"Watu ni wengi pale, afande."

"Wenye neno la siri la kufuta maandishi ni wangapi?"

Ackson aliitazama ile diski mezani.

"Ackson."

"Ni mimi peke yangu." Akaketi bila kuambiwa. "Nilidhani hii imeshakuwa chuma chakavu."

"Ulikuwa unamficha nani?"

"Muuguzi aliyemchoma ni mke wangu. Alikesha zamu mbili, hakusoma faili. Nikae nimtazame anafungwa?"

"Na ile mizizi?"

"Niliitunga mimi. Nilijua watu wataamini."

"Ukaamua afungwe mfiwa."

Ackson alisimama, akanyoosha mikono itiwe pingu.

Naima alimkabidhi kwa konstebo, akaagiza muuguzi aletwe, akaenda mwenyewe kufungua mahabusu. Asajile hakuuliza nani amemuua mkewe.

"Wameshafukia?"

"Bado. Vaa viatu."

Kisondela, wanawake waliacha kulia walipomwona Asajile anashuka kwenye gari la polisi. Mzee Andrea, baba wa marehemu, aliwazibia njia. Naima alimweleza yote polepole, mbele ya watu, hadi mstari wa mwisho wa faili.

Mzee alimsogelea mkwewe, akamshika mkono. Kisha akawageukia vijana wenye majembe.

"Kateni mgomba muufukie humu, kaburi lisibaki tupu. Tulia tunampeleka akazikwe kwa mumewe."