Mwendo wa Saa Moja na Nusu

Lifti ya jengo la maduka ilikwama na watu tisa ndani. Msusi mmoja, aliyevaa gauni la njano lililombana hadi pumzi akawa anaiomba, akaanza kulia. Mlango ulipobanduliwa, uliingia mkono wenye grisi na sauti ya kiume.

"Tulia, dada. Kamba hii haijawahi kumwangusha mtu."

Msusi alitoka na grisi begani na fundi wa lifti moyoni. Msiniulize ilivyokuwa, nyote mmewahi kukwama mahali.

Mwaka haujaisha, fundi akapata kazi nchi jirani. Kila mwisho wa mwezi alikuja. Akiondoka kule Alhamisi jioni, kwa msusi alifika Jumamosi asubuhi, macho mekundu, shati kama limetoka kutafunwa na ng'ombe. "Ndege zinachosha, mpenzi," alisema kila mara, kisha akalala kama gogo. Msusi, ambaye ndege alizijua kwa kuzitazama kutoka chini, aliamini.

Siku moja alimsuka mhudumu wa ndege.

"Kule?" yule mteja akacheka. "Ni mwendo wa saa moja na nusu. Nikimaliza kugawa chai, tunatua kabla sijakusanya vikombe."

Vidole vya msusi vikafia kwenye nywele za watu. Saa moja na nusu. Na usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa, analala wapi? Kwa nani?

Shangazi yake, mwenye saluni, hakumpoza. "Mwanamume mwenye vituo viwili, mwanangu, wewe ndiwe cha pili."

Jioni msusi akampigia fundi simu.

"Baba, shuka unalojifunika njiani ni la nani?"

Fundi akaanza kuuliza habari za saluni.

"Ijumaa njoo na ndege. Usipotoka mlango wa uwanjani, nami nimetoka."

Ijumaa alisimama uwanjani na gauni lilelile la njano. Simu ikalia.

"Nimekaa," fundi alisema, sauti ya mtoto anayesubiri sindano. "Wameshafunga mlango. Mama, sijawahi kupanda hili dude. Huwa nakuja na basi. Usiku nalala njiani, kichwa kwenye kioo. Niliona aibu."

"Wewe? Unayening'inia ghorofa ya kumi na mbili?"

"Kule kamba naiona. Huku tumeshikwa na nini?"

Msusi akacheka, kicheko kikamkauka kinywani. Ni yeye aliyempandisha.

"Tulia, kaka," akasema. "Kamba ninayo mimi."

Simu ikakatika.

Nje wingu jeusi lilitanda. Kila radi ilipopiga, aliiona ndege ikianguka, na jina lake mwenyewe limeandikwa ubavuni kama muuaji. Saa moja na nusu ikapita, ndege haikutokea. Akaanza kumwomba Mungu amrudishe hata akiwa na wanawake saba, alimradi mzima.

Mlango ulipofunguka hatimaye, fundi alitoka wa mwisho, uso wa majivu. Alipomfikia, magoti yakaishiwa nguvu, akaanguka mbele yake palepale. Watu wakadhani anaposa, wakapiga makofi.

Fundi akatazama huku na huku. "Basi nioe," alisema. "Yaani, nikuoe."

"Hiyo posa ni yako au ya magoti?"

"Yangu. Magoti yametangulia tu."

Msusi akamwinua. "Na kurudi?"

"Mama, usiitaje ndege."

Jumapili walipanda basi wote wawili. Usiku kucha fundi alilala njiani, na safari hii msusi aliona kwa macho yake alilala kwa nani.