Ulimi Wangu Ulimchapa Kaka Yangu Barazani

Nina miaka sabini na kitu, wajukuu ninao, meno yamebaki machache. Nimesoma kuliko wazee wengi wa rika langu hapa Ugogo. Lakini wasomaji wenzangu, kisomo hicho hicho ndicho kilichoniponza!

Enzi za Mjerumani nilikuwa karani na mkalimani wa baraza katika mji wetu mdogo, upande wa Mpwapwa. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya serikali pwani, kanzu nyeupe, kichwa kimevimba. Nyumba ya baraza ilikuwa tembe kuukuu aliyoijenga babu yetu, na kesi zilisikilizwa humo tangu zama za watemi. Sasa paa lake la udongo lilivuja. Bwana Shauri, Mjerumani aliyetutawala, akaamuru ikarabatiwe, nami nisimamie.

Nikamwita kaka yangu mkubwa, Ndahani, fundi wa tembe asiyejua hata neno moja la Kiswahili.

Kaka aligonga nguzo za zamani moja baada ya nyingine. Zilikuwa za mpingo, ngumu, zimepinda vibaya. Akasema ni nzima, tubadili fito na udongo wa juu tu.

Nikakataa! Bwana Shauri alipenda vitu vilivyonyooka. Nikaagiza miyombo mirefu, iliyonyooka kama askari kwenye gwaride.

Kaka akacheka. "Mdogo wangu, kwani mchwa nao wamesoma shule yako? Mchwa haulizi kama mti umenyooka."

Vibarua wakaangua kicheko. Nikaona haya, nikamwamuru afanye alivyoambiwa. Akafanya. Bwana Shauri alipoiona nyumba akanishika mkono. Mkono wangu mimi!

Masika ya pili, asubuhi moja, paa lote likaporomoka, likamvunja askari mguu. Nguzo zangu nzuri zilikuwa zimebaki maganda...

Tukaitwa. Bwana Shauri, uso umemwiva, akauliza nani aliyechagua miti ile. Nikamtafsiria kaka. Akajibu kwa Kigogo, taratibu, akinitazama: "Mwambie niliikataa. Mwambie wewe ndiye uliyenilazimisha."

Ningesema hivyo, ningepoteza kazi, na pengine ngozi ya mgongo pia. Nikafungua kinywa changu hiki...

"Anasema alikosea, Bwana. Anaomba msamaha."

Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano! Wakamlaza kifudifudi palepale uani. Kiboko cha kwanza kilipotua, aligeuza shingo akanitazama. Hapo ndipo alipoelewa nilichokisema. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nimekimbilia nyuma ya ukuta, kama mwizi.

Tena akaamriwa aijenge upya bure. Mipingo niliyoitupa watu walikuwa wameizungushia zizi. Aliing'oa mwenyewe, akaisimamisha tena mahali pake huku vidonda vya mgongoni vikimtoka maji. Alipomaliza akahamia Gulwe na mkewe na watoto. Hakuniaga.

Mara tatu nilikwenda kwa Bwana Shauri ili nikiri. Mara tatu niliishia kuomba wino! Nilikuwa mtu wa namna gani?

Mjerumani akaondoka, miaka ikapita. Niliposikia kaka anaumwa, nikamfuata. Nikaanza kuzungumza kwa Kigogo, lugha ya mama yetu. Akainua mkono kunizuia. Akamwita jirani yake, mfanyabiashara Mrangi aliyejua lugha zote mbili.

"Huyu mgeni aseme Kiswahili chake," akamwambia, "wewe unitafsirie. Wewe nakuamini."

Mgeni! Mimi niliyenyonya titi moja naye!

Nikaomba msamaha kwa Kiswahili, machozi yakinitiririka. Mrangi akatafsiri neno kwa neno, hakupunguza, hakuongeza. Kaka akajibu kwamba amesikia. Basi. Amesikia tu... Siku ya tatu tukamzika.

Ndugu zangu, mnaosemea wengine, nawasihi: ukikosea, sema nimekosea, hata kama kiboko kiko mezani. Msifanye kama mimi! Nyumba ile ingali imesimama juu ya nguzo zake zilizopinda. Mgongo wa kaka ulipona kabla ya mavuno. Mimi, mpaka leo, kila nikipita pale navuka upande wa pili wa njia.