Vumbi Lisilo la Mpingo

Kitendawili! Semeni "tega," wajukuu zangu. Kuna mgeni huitwa na mtu mmoja, lakini akishaingia ndani hukaa vifuani mwa wote. Ni nani? Msikimbilie kujibu. Mauwa mwenyewe ilimchukua wiki tatu.

Mauwa alikuwa darasa la sita, na kwao ni Mwenge, nyuma ya vibanda vya vinyago. Kila akitoka shule alivua sare, akaketi uani na baba yake, Romani, aliyekuwa mchongaji. Baba alichonga, yeye akasugua vinyago kwa msasa, kisha akavipaka kiwi ya viatu mpaka ving'ae. Vumbi jeusi la mpingo liliwajaa hadi kwenye kope.

Ndipo mdogo wake, Adelard, mtoto wa miaka mitatu, alipoanza kukohoa. Kifua chake kikawa kinalia kama filimbi. Wazazi wakampeleka zahanati, Mauwa nyuma yao. Nesi Kokushubila alimpima, akauliza, "Nyumbani kwenu nani anavuta sigara?"

Mama akainama. Mauwa akamtazama baba.

"Sie ni wachongaji, nesi," baba akasema. "Hilo ni vumbi tu la mpingo."

"Basi kazi ihame nyumbani," nesi akasema, akawapa dawa. "Ila swali langu hamjalijibu."

Baba akatii. Kesho yake alihamishia magogo na tezo zake kwenye banda la wachongaji kule barabarani. Ua ukafagiwa, ukamwagiwa maji. Mama akafua hata mapazia. Wiki ikapita, ya pili, ya tatu. Vumbi likaisha kabisa, na Adelard akazidi kukohoa.

Mauwa akakosa utulivu. Darasani aliandika mstari, akafuta. Kengele ikilia, yeye huyo, mbio nyumbani, kutega sikio mlangoni: mtoto anakohoa, au kalala?

"We Mauwa, unakimbizwa?" Brightson, mwenzake wa dawati, alimtania siku moja. "Na hilo sweta mbona linanuka kama kijiwe cha wazee wa bao?"

Darasa zima likacheka. Mauwa hakucheka. Alinusa mkono wa sweta. Sigara.

Njia nzima akawaza. Kule bandani ni mwiko kuwasha hata kiberiti, kwa sababu ya maranda. Cheche moja tu, vinyago vyote majivu. Kwa hiyo baba alishinda na hamu yake mchana kutwa. Jioni akifika, anakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, anavuta moja baada ya nyingine, na Adelard kampakata.

Mauwa akachukua kitambaa cheupe cha kung'arishia vinyago, akafuta wavu wa dirisha na ukuta ulio juu ya kiti kile. Baba aliporudi, kabla hajawasha, akamwekea kitambaa magotini.

"Shikamoo, baba. Hili ni vumbi gani?"

Baba akakigeuza, akakigeuza tena. Miaka ishirini ameshika mpingo. Vumbi lake analijua, ni jeusi. Hili lilikuwa la njano, tena linanata.

"Umelitoa wapi?"

"Hapo juu ya kichwa chako, baba. Na Adelard..."

Hakumaliza. Mama alipiga kelele chumbani. Adelard alikuwa anatweta, midomo imembadilika rangi, pumzi haiingii.

Baba akamnyakua mtoto, wakatoka mbio hadi zahanati. Nesi Kokushubila alimvisha mtoto barakoa ya dawa. Mauwa hakuweza kukaa. Alikwenda huku na huku ukumbini mpaka ile filimbi ikanyamaza na Adelard akaomba maji.

Nesi akawageukia.

"Vumbi nalo ni baya, mmefanya vizuri kuliondoa. Lakini anayevuta sigara ndani havuti peke yake. Mtoto naye anavuta, mama anavuta, na huyu binti pia. Hata moshi ukitoka dirishani, sumu yake inabaki kwenye mapazia na nguo. Dawa yangu haitashindana na hiyo kila jioni. Kuacha kunawezekana, na hapa tunawasaidia wanaotaka kuacha. Ila msaada unaanza na mtu kusema kweli. Sasa nauliza tena: nyumbani kwenu nani anavuta sigara?"

Mauwa akashika mkono wa baba yake, mgumu kwa tezo.

Baba akaingiza mkono mwingine mfukoni, akatoa pakiti, akaiweka mezani mbele ya nesi.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi, nesi."