Wingu Lisilozimika

Mashine ilianza kunuka dawa ya kuchua. Mashine! Haina mgongo, haina goti, nani kaichua?

Mke ndiye aliyeisikia kwanza harufu hiyo, akiwa na ufagio mkononi. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia ingawa bomba la kwake lilimshinda, alikuwa na tovuti ya matangazo ya misiba. Watu waliifungua wajue nani kafa na anazikwa wapi. Mashine iliyobeba tovuti hiyo aliiweka nyumbani, katika chumba pekee chenye kiyoyozi, maana ikipata joto huzimika.

Chumba hicho kilikuwa cha mama yake.

"Mama, wewe joto umelizoea," alimwambia alipomhamishia stoo ya jikoni, isiyo na dirisha.

"Nimelizoea kama wewe ulivyozoea ujinga," mama alijibu, akabeba mto wake mwenyewe.

Msimu wa joto haukuisha, mama akafia humo stoo. Injinia akamwandikia tangazo tamu kupita yote: amefariki akitunzwa na mwanawe. Ulimi hauna mfupa, na vidole vyake siku hiyo navyo havikuwa nao.

Sasa mashine ikanuka dawa ile mama aliyojichulia magoti kila usiku. Kisha ikakohoa. Haikuwa feni, kilikuwa kikohozi cha mtu mzima anayejizuia asiwasumbue wenye nyumba. Kila ilipokohoa tovuti ilizimika, na watu wakapiga simu wakilia kwamba wamekosa kuwazika watu wao.

"Baba watoto, hamia kwenye wingu," mke alinong'ona. "Kompyuta za kukodi, ziko nyingi huko mbali. Moja ikizimika, nyingine inashika."

"Wingu! Changu nataka nikione kwa macho."

"Haya, kione. Kinakohoa."

Akaitwa mganga, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akatega sikio kwenye mashine, akajitoa haraka.

"Huyu si mama yako, mwanangu. Ni jini. Hukaa palipofungiwa aibu, akavaa sauti ya aliyeonewa. Nenda ukawaambie ndugu zako, kwa kinywa chako, ulichomfanyia mama. Ataondoka hata bila ubani."

Dada zake walikuwa sebuleni. Alikuwa amewaambia kwamba mama aliomba mwenyewe kuhamia jikoni. Injinia akatazama vidole vya miguu yake.

"Kwani nilimfanyia nini?"

Mganga akachukua mkoba wake. "Haya. Ficha."

Ndipo wingu likawa zuri. Alinakili kila kitu, akakipeleka huko, akaing'oa mashine ukutani. Harufu ikaisha. Tovuti ikafunguka bila kukwama, naye akatembea mtaani kifua mbele, hadi mchana mmoja dada yake mkubwa alipoingia na simu kaishika mbali na mwili kama kitu kinachong'ata, na nyuma yake majirani, kila mmoja na simu yake, na katika kila simu iliyofungua tovuti kikohozi kilekile, kikavu, cha kujizuia, na harufu ya dawa ya kuchua ikajaa sebule nzima, kisha sauti ikasema kwa upole, kwa simu zote pamoja:

"Mwanangu, huku jikoni hakuna dirisha. Mashine yako imepoa?"

Dada hakumtazama usoni. "Izime," alisema. "Watu wanasikia."

Injinia akaizima kompyuta ya wingu.

Nyingine ikashika.