Mkono Usitoke Usukanini

Jumamosi hiyo soko la Leicester lilifurika watu. Hetal Solanki, aproni ya kijani kiunoni na hereni zinazolia kila akigeuka, alikuwa akipima bamia kwenye meza ya baba yake. Akatokea kijana mrefu, sweta limetoboka kiwiko, mikono myeusi kwa makaa ya mawe.

"Wee! Usiguse nyanya zangu na mikono hiyo!"

"Basi niguse nini, bibie?"

"Mfuko wako. Toa hela."

Kijana alicheka mpaka akasahau chenji. Jina lake Wilf Tansley, na kwake ni boti nyembamba ya chuma. Mtu akisimama katikati na kunyoosha mikono anakaribia kugusa kuta zote mbili. Aliishi humo akizunguka Mto Soar, nyuma ya viwanda vya zamani vya soksi.

Na Hetal, masikini, aliogopa maji. Si woga wa madaha. Hata beseni la kuogea hakulijaza. Lakini kufika Machi alikuwa amependa, na akaenda naye botini.

Wakafika loki ya Freemen's, kile chumba cha maji chenye mageti cha kushushia boti, huku pembeni mto unaporomoka kwa ngurumo. Hetal alipewa hendeli ya chuma ya kufungulia vilango vya maji vilivyo kwenye mageti. Hendeli ikamponyoka, chubwi!

"Chuma tu kinakushinda?" Wilf akafoka mbele ya wavuvi wote waliokaa ukingoni. "Rudi kwa baba yako ukauze bamia!"

Hetal akarudi kweli, analia barabara nzima. Kiangazi chote hakupokea simu yake. Septemba akapokea.

"Hetal, usikate."

"Nakata."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa? Umeacha lini?"

"Njoo mara moja tu, mpenzi. Nikikufokea tena, nisukume majini."

"Nitakuja. Ila boti ikiwa ndani ya loki, mkono wako usitoke usukanini. Niahidi, Wilf."

"Nakuahidi."

Wakarudi pale pale Freemen's. Sasa, mtu yeyote wa mto huu anajua kwamba ndani ya loki, chini ya maji kwenye mageti ya juu, kuna kizingiti cha zege, na ukutani kuna mstari mweupe wa kuonya. Boti inaposhushwa, nyuma yake ikibaki juu ya kizingiti, maji yanaiacha imening'inia na kichwa chake cha mbele kinazama. Hata dakika mbili hazifiki.

Hetal alifungua vilango vya chini. Maji yakaanza kushuka. Akainua macho kumtazama mpenzi wake.

Usukanini hapakuwa na mtu.

"Wilf?" Boti ilikuwa inarudi nyuma taratibu, imeshaupita mstari. Chuma kikalia juu ya zege. Kichwa kikainama, maji yakaanza kumiminika kwenye mlango wa mbele, na ndani vyombo vikaporomoka vyote. "Wilf! Toka! Toka humo!"

Mtu wangu anakufa na mimi namtazama, akawaza. Ndipo akakumbuka alivyofundishwa na Wilf: funga kwanza, piga kelele baadaye. Akachomoa hendeli, akafyatua kizuizi, kilango kikaanguka kwa kishindo na kujifunga. Akarukia cha pili. Kisha akakimbia mpaka mageti ya juu ya loki, kandokando ya maji yale yale aliyoyaogopa maisha yake yote, akafungua vilango vya juu kidogo, kidogo tena. Maji yakapanda. Nyuma ya boti ikajinasua, ikaelea.

Wilf akatoka kwa kutambaa, ameloa chapachapa, damu kwenye paji la uso, kopo la biskuti kifuani.

"Uliniahidi!" Hetal alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. "Punda wewe! Nilijua umekufa!"

"Nilitaka nikuvalishe hapa hapa, mahali nilipokuaibisha." Akafungua kopo. Biskuti zilikuwa uji mtupu, na katikati yake pete. "Nikaona kuingia kuichukua ni sekunde moja tu. Hetal, mimi ndiye nisiyeuweza mto. Basi jibu ni hapana?"

Loki ilikuwa imejaa, boti iko sawa na ukingo. Hetal akavuka akaingia botini, bila kushikwa mkono na mtu, akamsukuma pembeni.

"Pisha."

Akaukamata usukani kwa mkono wa kulia. Wa kushoto akamnyooshea.

"Nivalishe. Halafu chukua hendeli, ukafungue wewe. Polepole."

"Na usukani?"

"Mkono wangu hautoki hapa."