Namba ya Mchumba

"Binti, nafasi si uliikataa mwenyewe?"

Ndimu aliganda mbele ya meza ya Mama Mauzo, mkuu wa mauzo wa kiwanda cha magodoro.

"Mimi nikatae? Mama, nimekuja kwa miguu kuuliza mbona kimya!"

"Tulipiga simu. Kaka yako akasema umeshapata nafasi sehemu nyingine."

"Kaka gani? Mimi ni kifungua mimba, na nyuma yangu wasichana tu."

Ndimu alisoma biashara, na jina hilo wenzake walimpa kwa ukali wa ulimi. Chuoni kwao, bila mafunzo kazini hakuna kuhitimu. Wakati wa kuomba nafasi simu yake ilizama kwenye ndoo ya kufulia, kwa hiyo kwenye barua zote aliandika namba ya mchumba wake. Kijana huyo aliitwa Meneja tangu mwaka wa kwanza, ingawa hakuwahi kusimamia hata foleni ya chakula. Kila Ndimu akimuuliza kama kuna aliyepiga, alijibu, "Kimya, mpenzi. Hali ngumu. Njoo tu ufanyie mafunzo ofisini kwa mjomba wangu." Na Ndimu, kwa kuchoka, alikuwa amekaribia kukubali.

"Mama, nakuomba piga tena namba hiyo. Weka spika."

Simu ikaita.

"Haloo?"

"Napiga kutoka kiwanda cha magodoro. Namuulizia yule binti..."

"Jamani, nyie hamsikii? Ameshapata nafasi sehemu nyingine! Mara benki, mara bima, sasa tena magodoro. Futeni namba yangu!"

Ndimu akaiinamia simu.

"Kumbe na benki walipiga?"

Meneja akashusha sauti.

"Mpenzi? Uko hapo?"

"Nipo."

"Sikiliza, nilifanya hivyo kwa sababu nakupenda! Huko maofisini wamejaa wakware. Kwa mjomba ungekuwa machoni pangu."

"Nikifanya nini?"

"Vikazi vidogovidogo. Kupokea wageni, chai... Halafu mjomba anakugongea mhuri, umemaliza. Wenzako wanaitafuta bahati hiyo kwa tochi!"

"Miaka yote hii nasoma masoko ili nikamchemshie mjomba wako chai?"

"Ndimu, usivunje uchumba kwa ajili ya godoro!"

"Godoro halina kosa. Wewe ulinifungia milango yote, halafu nikaja kulia kifuani kwako, ukanibembeleza! Ukanifuta na machozi!"

Machozi yenyewe yalikuwa yanamtoka tena, na hakujisumbua kuyaficha.

"Uchumba umeisha. Pete nitamkabidhi mama yako mkononi, maana ukipewa wewe, ujumbe haufiki."

Akakata. Mama Mauzo akamsogezea glasi ya maji.

"Pole, mwanangu. Lakini nafasi nimeshampa mwingine. Sina hata meza."

"Sikuja kutafuta meza, mama. Niambie, duka gani limekataa magodoro yenu?"

Mama Mauzo akacheka kwa mshangao.

"Lile la kona, karibu na kituo cha mafuta. Tulimpelekea mzee wa watu mzigo ulioloa mvua. Tangu siku hiyo hataki kutuona hata kwa picha."

"Nipe huyo. Akirudi, nipokee. Akikataa, hunioni tena."

"Una kichwa kigumu wewe."

"Ndicho nilichobaki nacho."

Siku ya kwanza mzee alimfukuza. Siku ya pili Ndimu akarudi.

"Shikamoo, mzee. Sijaja kuuza. Nimekuja kukuomba radhi kwa ule mzigo ulioloa."

Mzee akaacha kufagia.

"Marahaba. Hao wenzako wananiletea bei mpya kila kukicha. Hakuna hata mmoja aliyeniletea samahani."

Wakakaa. Mzee akamwaga yote ya moyoni, Ndimu akasikiliza, kisha akaenda kumng'ang'ania Mama Mauzo mpaka mzigo ule ukabadilishwa bure. Mzee akaagiza mwingine, na Ndimu akapewa kigoda kando ya simu ya mauzo.

Asubuhi moja simu hiyo ikaita.

"Mauzo, karibu. Nikusaidie nini?"

"Ndimu, ni mimi. Simu yako mpya hupokei. Nimekosa, mpenzi. Kiti chako kwa mjomba bado kipo. Rudi."

Ndimu alikuwa amempenda kwelikweli, na mapenzi hayafutiki kama vumbi la meza. Pembeni, Mama Mauzo alijifanya anatafuta kalamu.

"Unamtaka yule binti aliyeomba mafunzo kazini?"

"Ndiyo, mpenzi! Wewe!"

"Pole, kaka. Ameshapata nafasi sehemu nyingine."

Akarudisha simu mahali pake, akatoka mbio kuhakikisha mzigo wa mzee umefunikwa turubai, maana mawingu yalikuwa yametanda.