Christella Hakuitika

Ndihokubwayo alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa mbele ya nyumba yake, Nyakabanda, mjini Kigali. Siku sita za juma alipiga randa, na vumbi la mbao likaingia mpaka kwenye sufuria. Mke wake, Pudentienne, alilalamika kila siku na kucheka kila siku. Walikuwa na mtoto mmoja, Christella, msichana wa miaka tisa.

Mume na mke walitoka Rumonge, Burundi, kando ya ziwa Tanganyika. Huko watoto wengi wanajua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Ndihokubwayo alipenda sana kujisifu kwa jambo hilo.

"Mimi nilizaliwa ndani ya maji," aliwaambia wateja wake. "Nyinyi watu wa Kigali munaogopa maji kama paka."

Christella alizaliwa Kigali. Alisema Kiswahili nyumbani na Kinyarwanda mtaani. Ukimwita, aliitika "Karame!" kama watoto wa Kinyarwanda wanavyofundishwa kumwitikia mkubwa. Ni kama kusema "abee", lakini ndani yake kuna maombi: uishi siku nyingi. Christella aliitika haraka, kwa sauti kali, hata akiwa chooni. Majirani walimtania kwa hilo.

Ilikuwa mwaka 1991, mwezi wa saba. Jua lilikuwa kali na bomba la mtaa lilikauka. Blanketi zilinuka jasho. Basi kila Jumapili, baada ya misa, familia ilibeba blanketi, sabuni na bidoni, yaani madumu ya maji. Walishuka mpaka Nyabugogo, kisha wakafuata mto Yanze kwenda juu, mahali penye maji safi.

Mimi ninayewaandikia nimeoga humo, na sitawadanganya: ni raha tupu. Umetembea juani, miguu inawaka, halafu unaitia katika maji ya baridi. Kiangazi maji yanafika magotini tu. Mchanga unakutekenya vidole. Watoto wanarushiana maji, akina mama wanafua na kupiga soga, na blanketi zinaanikwa juu ya majani. Nani atakataa raha hiyo?

Jumapili ya tatu walimkuta Mukantwari mtoni. Alikuwa jirani yao, na alifanya kazi ya uuguzi katika kituo cha afya. Yeye pia alikuja kufua.

"Mama Christella," aliuliza, "mtoto anajua kuogelea?"

"Kuogelea wapi, dada? Maji iko kwa magoti!"

Ndihokubwayo alicheka. "Muguzi, hii si mto. Hii ni besheni. Kama ni Nyabarongo, hapo ningeogopa. Kule iko maji mingi, iko mamba. Lakini hapa?"

Alichukua chupa yake ya bia. Alitafuta mahali pa kukaa, akaona rundo kubwa la mchanga ukingoni. Mchanga ulikuwa bado umelowa. Alikaa juu yake, akaupa mto mgongo, akaanza kuongea na wanaume wengine habari za mpira.

Sasa nisikilizeni. Rundo lile lilikuwa refu kuliko mtu. Jumapili iliyopita halikuwepo. Mchanga wote ule ulitoka wapi? Mtu mzima, tena seremala, anayejua kwamba mbao haitoki bila mti kukatwa, alikaa juu yake na hakujiuliza. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Pudentienne alikuwa anasuuza blanketi. Christella alikuwa nyuma yake, hatua nne au tano hivi.

"Christella! Lete sabuni!"

Hakuna jibu.

"Christella!"

Pudentienne aligeuka. Aliona kichwa cha mtoto juu ya maji. Uso ulitazama mbinguni, mdomo wazi. Mikono ilikuwa inakandamiza maji, kama mtu anayepanda ngazi. Macho yalikuwa yamefunguka sana. Hakulia. Hakupunga mkono. Hakusema hata neno moja.

"Acha mchezo yako," mama alisema. "Lete sabuni."

Akainama tena, akakamua ncha ya blanketi. Akainua macho mara ya pili. Palikuwa na maji tu.

Blanketi ilimtoka mikononi, ikaenda na mto. Pudentienne alipiga ukelele uliowafanya watu wote wasimame. Ndihokubwayo aliruka kutoka kwenye mchanga, akakimbia ndani ya mto. Hatua ya kwanza, maji magotini. Hatua ya pili, magotini. Hatua ya tatu, ardhi haikuwepo. Mtu mzima yule alizama mpaka maji yakamfunika kichwa.

Kwa bahati, yeye alijua kuogelea. Alipiga mbizi, akapapasa, akashika gauni. Alimtoa Christella na kumlaza ukingoni. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Kifua hakikusogea.

Mtu mmoja alikuja mbio kutoka kibanda cha wachimba mchanga. Aliitwa Théoneste. Alimshika Christella miguu yote miwili, akamwinua kichwa chini.

"Tumutingishe!" alisema. "Maji itoke!"

"Muweke chini!" Mukantwari alipaza sauti. "Chini! Unamuua!"

Théoneste alishtuka, akamlaza. Mukantwari alipiga magoti. Aliyatoa matope mdomoni kwa kidole. Aliinamisha kichwa cha mtoto nyuma, akainua kidevu. Alimbana pua, akaufunika mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akapuliza. Kifua kikapanda. Akangoja kishuke, akapuliza tena.

Pudentienne hakuwa ameona kitu kama hicho maisha yake yote. "Anamufanya nini mutoto yangu?" alilia. "Yezu wangu, anamufanya nini?"

"Anamupa pumzi," Ndihokubwayo alisema. Alimshika mke wake mkono asimsogelee muuguzi.

Mukantwari aliweka vidole shingoni kwa mtoto. "Moyo bado iko," alisema, akapuliza tena. Tena. Tena. Mto uliendelea kupita kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ghafla Christella alikohoa. Alitapika maji na uji wa asubuhi. Mukantwari alimlaza ubavu. Mtoto akaanza kulia, na Ndihokubwayo, mzaliwa wa majini, akalia kwa sauti kubwa kuliko mtoto.

"Mufunikeni," alisema Mukantwari. "Tunamupeleka hospitali sasa hivi. Anaweza kuonekana muzima, na usiku pumzi ikamushinda."

Christella alilala hospitali siku mbili. Aliporudi nyumbani alikula, alicheza, lakini alikuwa kimya. Ukimwita, alikuja bila kuitika. Mama yake aliumia kwa jambo hilo kuliko alivyoweza kusema.

Jioni ya tatu tangu arudi, Mukantwari alikuja karakanani, akawakuta mume na mke. Mara akaingia Théoneste, kofia mkononi.

"Muze Ndihokubwayo," alisema, "ile shimo ni mimi nilichimba. Ijumaa. Sikuweka alama."

Ndihokubwayo alikuwa na nyundo mkononi. Aliitazama nyundo, akamtazama mtu. Halafu akaiweka juu ya meza.

"Na mimi nilikalia mchanga yako," alisema. "Nilikalia, nikakunywa bia."

"Lakini mbona hakuita?" aliuliza Pudentienne. Swali hilo lilikuwa limemnyima usingizi. "Nilikuwa karibu, dada. Nilimuona kwa macho! Mbona hakulia?"

"Anayezama hawezi kulia," alijibu Mukantwari. "Kelele inataka pumzi, na yeye pumzi hana. Ile kidogo anayopata ni ya kuvuta tu. Mikono nayo inasukuma maji, haiwezi kukupungia. Wewe ulifikiri anacheza. Wazazi wengi wanafikiri hivyo."

Pudentienne alijifunika uso kwa kitenge.

Mukantwari aliendelea polepole. Chini ya mto hapakai namna moja. Watu wanachimba, na mvua ikinyesha milimani maji yanahamisha mchanga. Kwa hiyo mtu mzima aingie kwanza na fimbo, apime kila hatua. Mvua ikinyesha, msiingie kabisa. Aliyezama asining'inizwe kichwa chini, kwa sababu mnapoteza wakati, naye anahitaji hewa. Na asiyejua kuogelea asiruke kumfuata, maana watakufa wawili.

"Sasa afanye nini? Amutazame tu?" Théoneste aliuliza.

"Amutupie bidoni tupu, imefungwa kamba. Bidoni inaelea. Ashike, muvute."

Juma lile Ndihokubwayo hakutengeneza kitanda wala meza. Alichonga miti ishirini mirefu, akaipaka rangi nyekundu. Théoneste na wenzake waliisimamisha kwenye mashimo yao, na wakakubaliana kufukia mashimo ya karibu na mahali pa kufulia. Ndihokubwayo alifunga bidoni mbili kwa kamba, akazitundika ukingoni. Bia ikabaki nyumbani.

Mwezi wa tisa, bwana mmoja, Habiyaremye, aliteleza kwenye shimo lililokuwa bado halijafukiwa, akiwa anaosha baiskeli. Hakujua kuogelea. Watu watatu walitaka kuruka. Pudentienne aliwazuia kwa ukali, akatupa bidoni, wakamvuta mpaka ukingoni. Alitoka hai, anatapika maji na kutukana baiskeli yake.

Jumapili iliyofuata Christella alisema mwenyewe anataka kurudi majini. Baba alipima chini kwa fimbo, hatua kwa hatua. Kisha alimshika tumbo na kumfundisha kupiga miguu, kama yeye alivyofundishwa Rumonge. Alipomwachia acheze karibu na ukingo, alisimama macho yakiwa majini, na mgongo hakuugeuza. Waliweka kanuni moja: anayelinda ataita kila mtoto kwa jina, mara kwa mara, na anayeitwa lazima aitike. Asipoitika, hakuna kusema anacheza. Anayejua kuogelea anaingia, asiyejua anatupa bidoni.

"Christella!" aliita baba.

Mtoto alikuwa amelala juu ya maji, anapiga miguu. Pudentienne aliacha kufua. Mukantwari naye aliacha. Ndihokubwayo alikuwa tayari ameweka mguu mmoja mtoni.

"Karame!" aliitika Christella, kwa sauti ile kali ya zamani.